Binti yangu kapimwa akili kwa maswali 12, dakika 15. Wajuvi, hivi vipimo vifupi vinaaminika?

Mpunga_wa_Magu (mleta mada)

Wakuu heshima kwenu. Wa nyumbani, mwangaluka.

Nipo Mwanza, nauza mchele sokoni, shule niliishia kidato cha nne. Nina binti yuko darasa la nne, shule moja ya mchepuo wa Kiingereza hapa mjini. Sitaitaja, na naomba anayeijua asiitaje. Wiki iliyopita nikaitwa ofisini, nikajua ni ada. Nafika nakuta mwalimu wa unasihi ameshika karatasi: juu jina la mtoto, katikati namba 84 kwa kalamu nyekundu, imezungushiwa duara. Naambiwa hiyo ndiyo IQ ya mwanangu. Wastani wa watu ni 100. Kwa hiyo muhula ujao ahamie mkondo wa "wanaohitaji msaada zaidi", wale wanaosomea chumba cha mwisho karibu na vyoo.

Nikauliza amepimwaje. Michoro 12, kila mmoja una kipande kilichotoka, mtoto achague cha kujazia. Dakika 15, darasa zima pamoja, Ijumaa baada ya michezo. Wakasema kipimo chenyewe kina maswali 60, wao wanatumia toleo fupi, na fupi hilo "linakubaliana na refu kwa 0.95". Hiyo 0.95 mwalimu aliitamka kama anasoma msahafu. Mimi nikaitikia kwa kichwa kama nimeelewa.

Sasa huyu mtoto Jumamosi ananisaidia dukani. Mteja akitaka kilo saba na nusu, kabla sijaokota kikokotoo yeye ameshataja hela. Sisemi ni jiniasi. Nauliza tu: maswali 12 yanatosha kumjua mtu?

---

Dagaa_Mkavu

84 mbona nyingi mkuu. Mimi nilijipima mtandaoni nikapata 141, halafu wakataka nilipie ndiyo wanipe cheti. Kulipa ningekuwa nimeshuka mpaka 60.

---

Kivuko_cha_Kamanga

Wazazi bwana. Mtoto akipata kubwa kipimo kizuri, akipata ndogo kipimo kibovu. Ungeitwa ukaambiwa 130 uzi huu ungekuwepo?

---

Mpunga_wa_Magu

@Kivuko_cha_Kamanga kweli usingekuwepo. Ningeshona fulana. Lakini swali langu bado lipo palepale.

---

Ticha_Nyegezi

Mkuu mleta mada, upimaji ndiyo niliusomea na nimeufundisha miaka kadhaa, ngoja nikae chini. Kivuko naye ana hoja, na nitakuja kusema kwamba hata 130 ya maswali 12 ingekuwa na ugonjwa uleule.

Kuna kitu kinaitwa uthabiti wa kipimo. Maana yake ni hii: ukimpima mtu yuleyule kwa kipimo cha aina ileile mara nyingine, majibu yatakaribiana kiasi gani? Huandikwa kati ya 0 na 1. Vile vipimo vikubwa vya Wechsler, vya mtu mmoja mmoja, ambavyo mpimaji anakaa na mtoto saa nzima au zaidi, vinafika 0.95 na kupita.

Ukikata maswali, uthabiti unashuka, na kushuka kwake kunajulikana. Mwaka 1910 wanasaikolojia wawili wa Uingereza, Charles Spearman na William Brown, kila mmoja kivyake, walichapisha kanuni ileile ya jambo hilo. Tuifanye hapahapa. Tuseme kile kirefu cha maswali 60 kina 0.90. Chenu kina 12, yaani moja ya tano, 0.2. Juu: 0.2 mara 0.90 ni 0.18. Chini: 1 ukijumlisha (0.2 toa 1) mara 0.90, inabaki 0.28. Gawa, unapata 0.64.

0.64 inasikika kama alama ya kufaulu, sivyo? Igeuze iwe kosa. Alama za IQ zimepangwa wastani uwe 100 na mtawanyiko, yaani kiasi alama za watu zinavyosambaa kuzunguka wastani, uwe 15. Kosa la kipimo ni 15 mara kipeuo cha pili cha 1 toa 0.64. Hapo ni kipeuo cha 0.36, ambacho ni 0.6. Jibu 9. Sasa ukitaka uwe na uhakika wa mara 95 kati ya 100, unalizidisha hilo mara mbili hivi: 18 juu, 18 chini.

Kwa hiyo karatasi ya binti yako ingeandikwa kwa ukweli ingesema: kati ya 66 na 102. Yaani kuanzia mtoto mwenye shida kubwa mpaka mtoto aliye juu ya wastani. Duara jekundu limezungushiwa katikati ya ukungu.

---

Dagaa_Mkavu

66 mpaka 102? Hiyo siyo namba mkuu, hiyo ni Mwanza mpaka Musoma.

---

Mpunga_wa_Magu

Ticha shikamoo. Hesabu nimeirudia mara mbili kwenye daftari la madeni na imetoka hivyohivyo.

Nikuulize kwa lugha ya sokoni. Sisi gunia likija hatulimwagi. Tuna bambo. Unalichoma gunia, punje zinateremka kiganjani, unaangalia chenga, unaangalia rangi, unang'ata moja usikie kama imekauka. Mkulima mjanja anajua bambo litapita wapi, anaweka mchele mzuri juu, chini chenga tupu. Ndiyo maana mzoefu anachoma juu, ubavuni na karibu na kitako. Anayechoma mara moja akalipa, jioni analia. Je, hiki kipimo ni bambo la kuchoma mara moja?

---

Ticha_Nyegezi

Marahaba, na nimekuibia huo mfano, kesho nitautumia darasani.

Ndiyo, ni bambo. Tena una mambo mawili humo na watu wengi huyachanganya. La kwanza ni punje ngapi umechota. La pili ni umechoma wapi. Kuna matoleo mafupi mazuri sana duniani, nisiwaonee. Mwaka 1999 ilitoka WASI, ufupisho wa familia hiyohiyo ya Wechsler. Ina sehemu nne: maana ya maneno, ufanano wa vitu, kupanga vitofali kufuata mchoro, na michoro yenye pengo. Ukiwa na haraka zaidi unatumia sehemu mbili tu, maneno na michoro, dakika kama 15, na uthabiti wake bado unapita 0.90. Umeona? Dakika 15 zilezile za shule yenu. Tofauti ni kwamba mpimaji yuko na mtoto mmoja, kila sehemu ina maswali mengi yanayoanzia rahisi na kukomea mtoto anaposhindwa, na wamechoma gunia mahali pawili. Kwa hiyo anayesema "kifupi ni kibovu" naye amekosea.

Kosa la shule yako ni kutwaa aina moja ya swali, kuikata mpaka moja ya tano, kisha kuandika namba moja kavu bila kutaja kosa lake.

Na kuna kitu wapimaji wenyewe hukisahau. Kipimo dhaifu kikikupa jibu la kushangaza, makadirio bora ya mtu huyo huvutwa kuelekea wastani. 84 iko 16 chini ya 100. Zidisha 16 kwa 0.64, ni kama 10. Kwa hiyo ukinilazimisha nitaje namba moja nitasema 90. Na Kivuko, mwenye 130 naye ningemshusha mpaka 119.

---

Kivuko_cha_Kamanga

Nimekaa. Ila hiyo 0.95 waliyomwambia wameitoa wapi? Au shule inadanganya?

---

Ticha_Nyegezi

Sidhani wanadanganya. Namba za namna hiyo zipo kwenye machapisho. Ubaya uko kwenye namna zilivyopatikana.

Mara nyingi mtafiti anawapa watu kile kipimo kirefu chote, maswali 60. Kisha anarudi kwenye majibu yaleyale, anachomoa maswali machache, anajumlisha alama zake, analinganisha na jumla ya yote 60. Kwa kweli vitalingana! Mwaka 2012 kundi la watafiti wa Marekani lilitoa matoleo mawili ya maswali tisa tisa kutoka kwenye michoro ya Raven, kipimo cha michoro yenye pengo kama hiyo ya binti yako, na yalilingana na kile cha 60 kwa karibu 0.98. Ni kazi nzuri ya kitakwimu, mimi mwenyewe naiheshimu. Lakini tisa zile zimo ndani ya 60 zile.

Kwa bambo: umechota punje, umeziangalia, umezirudisha guniani, halafu unashangaa kwamba punje zimefanana na gunia. Na kama siku hiyo gunia lilinyeshewa, bambo litasema limeloa na gunia litasema limeloa, mtakubaliana kwa 0.95 kwamba mchele ni mbichi. Kesho jua likiwaka hakuna aliye sahihi.

Ushahidi wa kweli ni kumpa mtu kifupi kama kifupi, peke yake, na kirefu siku nyingine. Kwa namba zetu za juu, kukubaliana kwa vipimo hivyo viwili hakuwezi kuvuka hiki: zidisha 0.64 kwa 0.90, kisha tafuta kipeuo cha pili cha jibu, yaani 0.76 hivi. Mwaka 2000 Gregory Smith na wenzake wawili waliandika makala nzima kuhusu "dhambi" za wafupishaji wa vipimo, na hii ya kuhesabu sehemu ndani ya jumla imo.

Halafu hiyo michoro ya Raven, tangu 1938 ilipotoka, imepangwa makundi matano ya maswali 12, na kila kundi linaanza na jepesi linalomfundisha mtoto mchezo ulivyo. Ukichomoa 12 kutoka huku na huku, umeondoa ngazi ukamwambia aruke.

---

Minofu_Export

Nitetee upande wa pili kidogo. Nipo kitengo cha ajira, kiwanda cha minofu ya sangara, sitasema kipi. Tunatangaza nafasi 20 wanakuja watu 300 getini na bahasha. Nitamweka nani saa nzima na mpimaji? Tunawapa maswali 50 dakika 12, mfumo wa Wonderlic, kile kipimo kifupi cha akili cha waajiri. Na miaka yote tunaona wanaopita huelewa kazi haraka zaidi. Hii nayo ni dhambi?

---

Ticha_Nyegezi

Hapana ndugu. Kwanza 50 siyo 12. Pili, wewe unachagua kundi. Kati ya hao 300 wapo uliowakosea, wengine umewaacha nje kwa bahati mbaya, wengine umewaingiza kwa bahati nzuri, lakini wastani wa waliopita utakuwa juu ya wastani wa waliobaki, na kiwanda kinakula wastani. Mtafiti naye ni vilevile: akipima watoto 400, makosa ya huyu na ya yule yanafutana, anabaki na wastani unaoaminika.

Mleta mada hana watoto 400. Anaye mmoja.

Ila nawe ukimkataa mtu kwa alama mbili chini ya mstari wako, usimwambie hana akili. Mwambie nafasi zimejaa.

---

Mama_Kulwa

Jamani mimi ni mwalimu wa shule ya msingi kisiwani Ukerewe, niseme tunachokiona huku. Mtoto anakuja shule hajala, ana kichocho kwa sababu anaoga, anafua na kuchota maji ziwani kila siku. Kuna siku huyo mtoto ukimuuliza jina lake anakuangalia tu. Baada ya dawa za kichocho na minyoo, wiki chache tu, yuleyule anakimbia na kujibu. Sasa mpimaji angekuja siku ile ya kwanza na michoro yake 12 angeandika ngapi?

Halafu lugha. Wangu nyumbani ni Kikerewe na Kijita, darasani Kiswahili. Hizo shule za mjini maelekezo ni Kiingereza. Binti wa mleta mada alielezwa kwa lugha gani?

---

Mpunga_wa_Magu

@Mama_Kulwa dada nimemuuliza. Maelekezo Kiingereza, mara moja, haraka. Anasema mwanzoni alidhani anatakiwa achague mchoro mzuri. Swali la tatu ndiyo akaelewa kwamba kuna mfuatano.

---

Ticha_Nyegezi

Hapo mkuu umesema jambo kubwa kuliko hesabu zangu zote. Swali mbili zimekwenda kwenye kujifunza mchezo. Katika 60 mbili hazisikiki. Katika 12 ni moja ya sita.

Dada Mama_Kulwa, unayoyasema yamefanyiwa kazi hapa hapa kwetu. Wanasaikolojia Robert Sternberg na Elena Grigorenko na wenzao walipima watoto wa shule Bagamoyo, matokeo yakachapishwa 2002. Waliwapima, wakawafundisha namna ya kuyaendea maswali kwa muda usiofika saa moja, wakawapima tena. Alama zilipanda. Kinachonikosesha usingizi mimi ni kingine: mpangilio ulivurugika. Aliyekuwa juu mara ya kwanza hakuwa lazima juu mara ya pili, uhusiano kati ya alama za kwanza na za pili ulikuwa dhaifu. Sasa mtoto wa mwisho ni yupi?

Na ng'ambo ya ziwa hili letu, kijiji cha Usenge upande wa Kenya, watu haohao walichapisha mwaka 2001 kazi kuhusu watoto 85. Waliwauliza juu ya dawa za mitishamba za minyoo na maradhi ya tumbo: jani lipi, kwa ugonjwa upi, kiasi gani. Watoto waliojua zaidi mambo hayo walielekea kupata chini kwenye misamiati ya Kiingereza. Familia inayotarajia mtoto atabaki kijijini inamfundisha majani, inayotarajia atakwenda shule inamfundisha maneno. Hilo halitatuliwi kwa kuongeza maswali, niseme ukweli. Kipimo kinaweza kuwa thabiti kabisa na bado kikawa kinapima shule aliyokwenda mtoto. Mizani iliyochezewa nayo ni thabiti: kila ukipima inakupunja kilo mbili zilezile.

---

Dagaa_Mkavu

Hiyo mizani ya mwisho wauza samaki wa mwaloni wameona haya peke yao.

---

Kivuko_cha_Kamanga

Mkuu mleta mada, naondoa kauli yangu ya mwanzo. Nenda shule uombe ile karatasi ya majibu uione kwa macho. Wasikupe namba, wakupe karatasi.

---

Mpunga_wa_Magu

MREJESHO

Wakuu, nimetoka shule. Nilikwenda na daftari la madeni lenye hesabu za Ticha. Mwalimu wa unasihi ni kijana mstaarabu, hakunikasirikia. Amesema yeye alikabidhiwa karatasi na jedwali la kubadilishia alama, jedwali lenyewe ni la watoto wa Uingereza, hakuambiwa zaidi.

Nikaomba karatasi ya mtoto. Akaitoa kwenye faili. Tukapitia moja moja, mimi na yeye, vichwa vimegusana kama tunakagua risiti.

La kwanza kakosa, la pili kakosa. Kama alivyoniambia nyumbani. La tatu mpaka la nane yote sawa. Tumefika la tisa. Swali hilo lina majibu manane ya kuchagua, manne juu na manne chini. Fotokopi imekula safu yote ya chini, yamebaki manne. Binti hakuchagua kitu. Pembeni kwa penseli, herufi ndogo, kaandika: *jibu halipo*.

Mwalimu akafungua kitabu chake cha majibu. Jibu sahihi ni namba saba. Namba saba ilikuwa safu ya chini.

Imehesabiwa kosa.

Tulikaa kimya pale. Kisha akatoa faili zima, darasa lina watoto 38, akaanza kufunua. Wengine waliweka vema kwenye namba mojawapo ya zilizobaki, wakakosa. Wengine waliacha wazi. Nilioona mimi, hakuna mwingine aliyeandika.

---

Ticha_Nyegezi

Nimesoma mara tatu.

Kitu kimoja cha kiufundi halafu ninyamaze. Kwenye maswali 12, tuseme alama za watoto zinatawanyika kwa maswali mawili na nusu. Basi swali moja lina thamani ya alama 6 za IQ, kwa sababu 15 gawa kwa 2.5 ni 6. Lile la tisa peke yake lingemtoa 84 mpaka 90. Na jedwali la Uingereza halikutengenezwa kwa fotokopi iliyokatwa, kwa hiyo darasa zima limeshushwa.

Wamesemaje kuhusu kumhamisha?

---

Mpunga_wa_Magu

Habadilishiwi mkondo. Mwalimu mkuu kasema matokeo ya darasa zima yanawekwa kando, na mtoto yeyote wanayemtilia shaka atapimwa peke yake na mtu aliyesomea, mzazi akiwepo, kwa lugha anayoielewa. Nimeomba waandike, wameandika, nimepiga picha.

Binti sijamwambia kuhusu 84 na sina mpango. Nimemuuliza tu kwa nini aliandika "jibu halipo". Kanijibu, "Baba, si halikuwepo?"

---

Mama_Kulwa

Mungu amkuze.

---

Minofu_Export

Nimekwenda kukagua fotokopi zetu. Sitasema zaidi.

---

Dagaa_Mkavu

Sasa mkuu, tuache utani, mchele wa Magu kilo shingapi?

---

Mpunga_wa_Magu

Njoo Jumamosi, atakuhudumia mwenyewe. Bambo lipo mezani, choma unapotaka.